Mpaka wa Chumba cha Tatu

Gu!

Kimya kidogo. Kisha tena: gu! gu!

Inspekta alisimama chini ya tao la ngome, mguu mmoja juani na mwingine kivulini, akatega sikio. Mlio ulitoka ndani kabisa, nyuma ya zile kuta nene za mawe, mzito na wenye haraka, kama wa mtu anayepigilia misumari jeneza la adui yake.

"Nani anagonga?" aliuliza.

"Sanaa, afande," Sajini alijibu.

"Sanaa inagonga?"

"Ni mhuri. Wamerekodi mhuri wa uhamiaji ukigonga pasi za watu, wanaucheza kwenye spika kutwa nzima. Ndicho chumba cha kwanza hicho. Jana nilirudi nyumbani mke wangu akagonga mlango, nikamtolea kitambulisho."

Inspekta hakucheka, lakini pua yake ilitikisika kidogo. Wenzake kituoni walimbatiza Koleo, kwa sababu kitu akishakibana hakiponyoki, na jina hilo lilikuwa limeshafuta lile alilopewa na wazazi. Jalada la ngome lilimfikia mezani saa mbili asubuhi ile, limeshapikwa na kupakuliwa, limebaki kutiwa saini tu. Mtuhumiwa yuko selo. Mahakama saa nane mchana. Koleo alilisoma mara mbili, akashuka selo kumwona mtuhumiwa, akasema hatii saini chakula ambacho hakuona kikipikwa. Ndipo akamchukua Sajini, aliyeliandaa, wakaja.

Sasa ilikuwa saa nne kasoro.

Juu ya lango kilitundikwa kitambaa kirefu chenye maandishi meusi: MPAKA. Maonyesho ya wasanii kumi na mmoja. Chini yake, ndani ya kibanda cha mbao, alikaa binti wa miaka kama ishirini na mitano, kitabu cha tiketi mbele yake, macho mekundu na kidevu juu.

"Tiketi mbili," Koleo alisema.

"Nyinyi mnahitaji tiketi?" binti alimuuliza, akimwangalia Sajini. "Siku mlipokuja kumchukua baba yangu hamkukata. Mlipita tu."

Sajini alikohoa. "Huyu ndiye binti yake, afande."

"Binti wa nani?"

"Wa Mpaka," binti alidakia. "Mpaka rangi wa ngome hii, miaka kumi na tisa. Kila ukuta unaouona mweupe ni mkono wake. Jina refu liliwashinda watu humu ndani, wakalikata, wakabakiza Mpaka. Maonyesho haya yalipokuja walimtania wiki nzima: 'Haya bwana, wamekuwekea na bango lako.' Alicheka sana. Sasa hachekeshwi na mtu." Alichana tiketi mbili kwa nguvu, akazisukuma. "Shikeni. Mwingie kama watu."

Koleo alizipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu. Baba yako alikwambia nini?"

"Kwamba hakuchukua. Na mimi nakwambia hivi: baba akiokota msumari wa ngome njiani anaurudisha. Mama alishawahi kumgombeza kwa hilo."

"Hilo haliandikiki kwenye jalada."

"Ndiyo maana jalada lenu limejaa uongo."

Sajini alifungua mdomo. Koleo alimgusa kiwiko, wakaingia.

Walipita chumba cha mhuri bila kusimama. Cha pili kilijaa viatu vilivyopangwa kwenye mstari mmoja, vya kushoto upande huu na vya kulia upande ule. Cha tatu kilikuwa na mlango mzito, madirisha mawili membamba, na ukuta mmoja mrefu mtupu. Kwenye ukuta huo zilibaki kulabu kumi na mbili, na kadi ndogo iliyobandikwa usawa wa macho.

Koleo aliisoma kwa sauti. "'Mpaka. Nguo zilizoshonwa kwa mkono, mita sita. Nilipewa na watu mia moja na wanne wanaoishi pande zote mbili za mstari. Uzi mwekundu unapita pale ambapo wao wenyewe wanasema mpaka upo.'" Akageuka. "Picha yake ipo?"

Sajini alimpa kijitabu cha maonyesho. Pichani kilionekana kitambaa kirefu cha mashati, kanga, sare za shule na suruali za kazi, vipande vyote vimeunganishwa kama shamba linaloonekana kutoka juu. Uzi mwekundu ulikikata kutoka ncha hadi ncha. Haukunyooka hata hatua tatu. Ulizunguka mfuko wa shati, ukaupasua mto wa buluu kati, ukapita juu ya kitanda kilichotariziwa, mto wa kulalia upande huu na miguu upande ule.

"Sasa nani anaiba mashati makuukuu?"

"Sanaa ina wanunuzi wake, afande. Msanii mwenyewe yuko mbali. Mkurugenzi alimpigia simu akalia mpaka akakata."

"Haya. Nieleze ulivyopika."

Sajini alisimama katikati ya chumba akafunga mikono nyuma, kama mwanafunzi anayejua somo lake. "Ufunguo wa chumba hiki ulikuwa na watu wawili: Mkurugenzi na mpaka rangi, kwa sababu alikuwa akipaka ukuta wa chini. Siku ya tukio ngome ilifungwa kwa wageni. Kitabu cha lango la nyuma kinasema mpaka rangi alitoka saa kumi na dakika ishirini na mzigo mrefu. Kinasema alitoka tena saa kumi na mbili na dakika tano. Mara ya kwanza alipeleka mali, mara ya pili alikwenda nyumbani. Asubuhi yake Mkurugenzi kafungua chumba, ukuta mtupu. Tulipekua kwa mpaka rangi tukakuta turubai refu lenye alama za kukunjwa. Alilifungia mali humo."

"Turubai la kufunika sakafu anapopaka."

"Ndivyo anavyosema yeye."

"Na wewe ulitaka aseme la kulalia?" Koleo aliuendea ukuta, akachutama. Sehemu ya chini, kimo cha kiuno, ilikuwa na rangi mpya ya kijivu, laini kama ganda la yai. Nyuma ya mlango ilining'inia karatasi ya kazi ya fundi: chumba cha tatu, ukuta wa chini, saa saba hadi saa tisa. Penseli, herufi kubwa za kubonyeza. "Rangi hii inakauka baada ya muda gani?"

"Niliuliza dukani. Saa tano, sita."

"Kwa hiyo saa kumi na dakika ishirini ilikuwa mbichi."

"Ndiyo."

"Mita sita za nguo zilining'inia juu yake. Mtu mmoja, ngazi moja. Anafungua kulabu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile ncha inaenda wapi?"

Sajini alitazama juu, akatazama chini. "Inaanguka."

"Inaanguka wapi?"

"Kwenye... rangi."

"Nionyeshe ilipogusa."

Sajini alichutama naye. Walitambaa ukuta mzima, bega kwa bega, kama watu waliodondosha pete. Hapakuwa na mkwaruzo, wala uzi uliogandia, wala doa.

"Kamba zilizofunga nguo kwenye kulabu ziko wapi?"

"Kwenye droo ya meza ile. Niliziacha, hazikuwa na maana."

Koleo alivuta droo. Kamba kumi na mbili zilikuwa zimelala humo, kila moja imeviringwa na kufungwa kwa kifundo chake, zimepangwa mbili mbili. Hakuna iliyokatwa.

"Mwizi huyu kalelewa vizuri," alisema. "Sijawahi kumkamata mwizi anayefungua vifundo kumi na viwili, akaviringa kamba, akaziweka kwenye droo ili mwenyewe asisumbuke kuzitafuta siku ya kutundika tena."

"Unamaanisha..."

"Bado simaanishi. Twende kwenye lango la nyuma. Nataka kuona kitabu chenyewe. Jaladani kuna nakala yako tu."

"Niliandika neno kwa neno, afande."

"Tutaona."

Lango la nyuma lilikuwa mlango mfupi wa chuma chini ya ukuta wa magharibi. Kando yake mlinzi mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki, koti la kazi limefungwa vifungo vyote pamoja na kile cha shingoni. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi asubuhi hiyo. Siku mbili alikuwa kwa dada yake mgonjwa. Aliondoka mara tu zamu ilipokwisha, jioni ile ya tukio.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Andika jina hapa kabla hujavuka kizingiti." Alimpa kalamu iliyofungwa uzi mezani. "Na yeye pia. Juzi kijana wako aliingia kwenye zamu ya mwenzangu hakuandika. Nimeona pengo."

Sajini aliandika jina lake akiwa amefura.

Koleo alifungua ukurasa wa siku ya tukio. Herufi zilikuwa kubwa, zimeegemea kulia, kila mstari umeanza pale pale ulipoanza wa juu yake. Mzee aliandika kila kitu. Saa tatu na nusu, maji ya kunywa yameingia, galoni sita. Saa nne, fundi umeme ameingia. Saa nne na nusu, paka ametoka.

"Huyu naye ni Mpaka?" Koleo aliuliza.

"Huyo ni paka, mama. Wa rangi ya majivu. Anajua njia kuliko mimi."

"Unamwandika paka?"

"Waliniambia niandike kila kinachopita. Hawakusema isipokuwa paka."

Koleo alishuka na kidole. Saa kumi na dakika ishirini. Kidole kikasimama. Kikashuka mistari minne, saa kumi na mbili na dakika tano. Kikarudi juu.

"Sajini, nisomee nakala yako. Mistari miwili ile tu."

Sajini alitoa karatasi. "'Saa kumi na dakika ishirini. Mpaka ametoka. Mzigo mmoja mrefu.' Na ya pili: 'Saa kumi na mbili na dakika tano. Mpaka ametoka.'"

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

"Njoo usome hapa."

Sajini aliinama juu ya kitabu. Midomo yake ilienda taratibu. "'Saa kumi na dakika ishirini. Mpaka... umetoka.'" Kidole chake kikashuka mistari minne. "'Saa kumi na mbili na dakika tano. Mpaka ametoka.'"

"Ukurasa mmoja, mkono mmoja, kalamu moja. Juu umetoka, chini ametoka. Kwenye nakala yako wote wametoka kwa 'a'."

"Lile la juu ni kosa la kuandika, afande. Nilimsahihishia. Unajua tena wazee hawa, hawakusoma."

Kiti cha plastiki kililia. Mlinzi alikuwa amesimama.

"Nani hakusoma?"

"Mzee, sikumaanisha..."

"Nani hakusoma, kijana? Mimi darasa la nne liliniona mgongo, kweli. Hesabu za kugawanya zilinishinda, kweli. Lakini mtu ni 'a'! Mtu ametoka, paka ametoka, nzi ametoka. Mti umeanguka, mkoba umepotea, mpaka umetoka. Hilo sikufundishwa na mwalimu wa mtu. Nilinyonya! Hata mjukuu wangu ambaye bado anajikojolea hawezi kukwambia baba umekuja. Wewe umekwenda shule mpaka ukapewa mistari begani, ukaja ukanisahihisha kosa ambalo sikulifanya, ukamfunga mtu kwa herufi yako!"

Ndani ya ngome mhuri uligonga mara moja.

"Mzee wangu," Koleo alisema polepole, "saa kumi na dakika ishirini, ni nini kilichotoka?"

"Si nimeandika? Mpaka. Ule mpaka wao, wa maonyesho. Kitu kirefu, kimefungwa blanketi, watu wawili wamebeba begani kama wanabeba ngazi. Dereva wa Mkurugenzi mbele, mtunza stoo nyuma. Wakapakia kwenye gari la ofisi."

"Ulijuaje kwamba ndio Mpaka, na umefunikwa?"

"Hati ilisema." Mzee aligeuka nyuma ya kiti chake. Ukutani palikuwa na msumari mrefu uliochoma rundo la karatasi nyekundu. Alizihesabu kwa kidole gumba, akachomoa moja. "Humu hakitoki kitu bila hati. Nakala nyeupe inakwenda na mzigo, nyekundu inabaki kwangu, ya buluu inabaki kwenye kitabu chake ofisini. Hii hapa."

Namba 0417. Kitu: Mpaka. Idadi: kimoja. Sababu ya kutoka: matengenezo. Chini, saini ndefu yenye mkia, na mhuri wa Mkurugenzi.

Sajini aliitazama kama mtu anayetazama matokeo ya hospitali.

"Kwa nini hukusema, mzee?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nikamwambie nani? Nimefika leo nikaambiwa Mpaka kafungwa, kaiba picha. Nikasema, picha ipi? Picha ninazozijua mimi zina fremu. Ile ilikuwa nguo, tena ilikuwa na hati. Sasa hivi ndiyo kwanza nasikia kwamba nguo ndiyo picha." Alikaa chini tena, pumzi zikimwenda mbio. "Hata hivyo saa mbili nilipanda ofisini kumsemea mwenzangu kwamba alitoka saa kumi na mbili na turubai lake tu, nililikagua mwenyewe. Katibu akaniambia niandike barua. Miaka yote hii naandika, na leo nikaambiwa niandike barua!"

Koleo aliichukua kalamu ya uzi akaandika kitabuni: hati nyekundu 0417 imetoka, imechukuliwa na Inspekta, kielelezo. Akaweka saini. Mzee aliisoma, kidole chini ya kila neno.

"Imetoka," alisema. "Sawa. Pita."

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa juu ya mnara, ngazi hamsini na mbili za mawe. Sajini alizihesabu zote kimyakimya, midomo ikicheza. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno laini na shati lililonyooshwa, na alisimama kuwapokea kabla hawajabisha.

"Karibuni. Dada yangu, keti. Chai?"

"Inspekta," Koleo alimrekebisha. "Na sitaketi. Naomba kitabu cha hati za kutolea vitu."

"Kipo kwa katibu, nadhani..."

"Kipo mezani kwako, chini ya hilo gazeti."

Alikivuta mwenyewe. Nakala za buluu zilifuatana vizuri: 0414, 0415, 0416. Kisha 0418. Kati yao ulibaki ukingo mwembamba uliochanika, kama jino lililong'olewa na mzizi ukabaki. Koleo aliilaza ile karatasi nyekundu juu ya pengo. Ilikaa sawasawa.

Mkurugenzi aliitazama. Kisha akaenda kufunga mlango, akarudi, akaketi.

"Iko salama," alisema. "Haikuchanika hata uzi. Iko kwenye stoo ya wizara, imekunjwa na dawa ya nondo."

"Ukaripoti wizi."

"Kesho saa nne waziri wetu anawaleta humu wageni wa nchi jirani. Wanatoka mezani, kalamu bado za moto, mkataba ambao umechukua miaka sita. Ungetaka waingie chumba cha tatu wakutane na uzi mwekundu katikati ya mto ambao wameshindwa kuugawa? Umeshonwa na watu wasio na hata ramani!"

"Wana kitanda ambacho mstari huo unapita juu yake. Ungesema tu kwamba umeuondoa."

"Na ningeulizwa nani kaniamuru. Msanii angepiga kelele dunia nzima kwamba tumemziba mdomo. Inspekta, wewe ni mtu mzima. Ukiondoa kitu unapewa maswali. Ukiibiwa unapewa pole."

"Na mpaka rangi kapewa nini?"

"Sikumtaja mimi." Aliinua viganja. "Sajini huyu hapa. Aliniuliza nani ana ufunguo, nikasema ukweli."

"Ulisema nusu. Nusu nyingine inaning'inia kiunoni mwako."

Mkono wa Mkurugenzi uliugusa mnyororo wa funguo, ukauacha haraka.

"Angeachiwa," alisema. "Wiki mbili, tatu. Ushahidi haukutosha, mambo yanakwisha. Ningemrudisha kazini. Nilishafikiria hata kumpandisha cheo."

"Ulishafikiria. Alipokuwa akipanda kwenye karandinga bila viatu, wewe ulikuwa ukimfikiria."

Simu ya Koleo ililia. Aliangalia namba, akamwangalia Mkurugenzi, ambaye sasa alikuwa akitazama dirishani kwa utulivu wa mtu aliyetegemea mlio huo. Alikuwa ameshapiga yake mapema, pengine walipokuwa bado kwenye ngazi.

"Afande," Koleo alijibu.

Sauti ya Mkuu wa Kituo ilisikika chumba kizima, alikuwa hana desturi ya kunong'ona. "Koleo, hapo ulipofika panatosha. Rudi kituoni. Kama hutaki kutia saini, usitie. Sema kichwa kinakuuma, mwingine atatia. Huyo mpaka rangi atasomewa shtaka, atakaa kidogo, atatolewa kwa kukosekana ushahidi. Hakuna atakayeumia."

"Anaumia sasa, afande."

"Kuna mambo makubwa kuliko mtu mmoja."

"Mimi hayo makubwa sijapata kuyaona, afande. Mtu mmoja nimemwona leo asubuhi, selo namba mbili, kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu sakafu ina maji. Aliniomba nimwambie binti yake asilie mbele ya wageni."

"Achia, Koleo. Hiyo ni amri."

"Nimeisikia, afande."

"Kusikia na kutii..."

"Ni vitenzi viwili, afande." Akakata simu.

Mkurugenzi aligeuka kutoka dirishani. Ulaini ulikuwa umemtoka usoni, kama chokaa iliyopakwa juu ya unyevu. "Wewe peke yako utafanya nini? Karatasi moja, na mlinzi wa darasa la nne?"

Ndipo Sajini, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliposogea mezani. Alitoa nakala yake mfukoni, akaichana vipande viwili, akaviweka mezani mbele ya Mkurugenzi. Kisha akatoa karatasi safi na kalamu.

"Tuko wawili," alisema. "Naandika maelezo mapya. Naanza na kosa langu, kwamba nilibadilisha herufi ya mzee. Halafu naandika uliyoyasema humu ndani, na saa. Ni saa tano na dakika kumi." Aliandika, akainua macho. "Dereva wako na mtunza stoo nitawapitia nikishuka. Nitawauliza kila mmoja peke yake."

Koleo alikifunga kitabu cha hati, akakiweka kwapani pamoja na ile nyekundu, akamwandikia Mkurugenzi stakabadhi ya kielelezo, namba, tarehe na saa. Mkurugenzi hakuigusa.

Walishuka zile ngazi hamsini na mbili kwa mwendo tofauti na waliopandia. Chini, Sajini alikata kushoto kuelekea gereji. Koleo aliendelea moja kwa moja hadi lango la mbele.

Pale palikuwa na zogo. Wageni kama thelathini walisimama kwenye mstari ambao haukusogea. Dirisha la kibanda cha tiketi lilikuwa limefungwa kwa ubao, na mbele ya ubao, mikono kifuani, alisimama binti wa mpaka rangi. Katibu wa ofisi alikuwa akimfokea.

"Fungua au uache kazi!"

"Sifungui, na kazi siachi. Mnifukuze, mbele ya hawa wote, mseme sababu." Alipaza sauti kwa ule mstari. "Jamani, humo ndani kuna maonyesho ya mipaka. Wa kwangu ni huu hapa, kwenye dirisha hili. Baba yangu akirudi, mtaingia."

"Binti ana maneno huyo," mama mmoja kwenye mstari alimnong'oneza mumewe.

"Ana haki," mume alijibu, akaweka kikapu chake chini kama mtu aliyeamua kungoja.

Binti alimwona Koleo akija. Mikono yake ilibana zaidi kifuani. "Umekuja kunichukua na mimi?"

"La. Nimeona kilichotoka, na nimeona nani alikitoa. Si baba yako."

Uso wa binti haukubadilika mara moja. Ulingoja, kama hauamini kwamba sentensi imekwisha. "Kwa hiyo mnamwachia?"

"Wanataka kumwachia," Koleo alisema. Hakupunguza sauti, katibu alisikia, na mstari wote ukasikia. "Wanataka asomewe shtaka leo, akae wiki tatu, kisha atolewe kwa kukosekana ushahidi. Unajua maana yake? Arudi mtaani watu wamwone wanyamaze. Waseme aliiba, ila alikuwa mjanja. Abebe neno hilo mpaka kaburini."

"Hapana," binti alisema.

"Hapana. Hata mimi nimesema hapana. Nimeamriwa niache, sikuacha, na sijui jioni ya leo nitakuwa nani."

Machozi yalimfika binti kwenye kope, akayazuia kwa nguvu palepale, taya zikicheza. "Basi niambie kitu cha kushika," alisema. "Pole zenu nimechoka nazo. Niambie utafanya nini."

Koleo alimshika mabega yote mawili.

"Saa nane nitakuwa mahakamani. Kabla shtaka halijasomwa nitainuka, nitaomba kuapishwa, na nitasema baba yako hakuiba. Nitamtaja aliyeuondoa mpaka huo, kwa cheo chake na kwa saini yake. Nitaisoma hati ile herufi kwa herufi, mpaka karani aiandike yote. Wakinivua cheo mlangoni nitaingia bila cheo. Wakinizuia nisiseme ndani, nitasema kwenye ngazi za nje, na wewe utakuwa umesimama karibu nami unasikia. Nakuahidi, mwanangu. Mbele ya hawa wote, nakuahidi."